Laini ya E1

Laini ya E1 ni njia ya kidijitali inayounganisha mtambo wa simu wa ofisi na mtandao wa kampuni ya simu. Hutumika katika nchi nyingi za Ulaya, Afrika na Asia. Marekani na Kanada hutumia T1, yenye nafasi 24.

E1 hubeba megabiti 2.048 kwa sekunde, zilizogawanywa katika nafasi 32 za kilobiti 64 kila moja. Nafasi ya 0 hulinganisha mwendo wa pande mbili, na ya 16 kwa kawaida hubeba ishara za kupiga na kukata simu. Hubaki nafasi 30 za mazungumzo.

Wakati wa kusanidi mtambo, fundi huhakikisha kuwa pande zote mbili zinatumia aina moja ya ishara na ya ukaguzi wa makosa. Mtambo wa ofisi hupangwa pia kufuata saa ya kampuni ya simu. Kila upande ukifuata saa yake, tofauti ndogo hujikusanya hadi sehemu ya data hupotea au kurudiwa. Katika mazungumzo husikika mkwaruzo mdogo tu, lakini faksi huweza kukatika. Hivyo laini yenye kasoro huweza kudhaniwa kuwa nzima.