Mafunzo ya Uongozi Hupimwa na Wanaoongozwa

Viongozi wengi wa vijiji, mitaa na vikundi vya kijamii katika Afrika Mashariki hupewa mafunzo ya siku chache kuhusu uendeshaji wa mikutano, utunzaji wa fedha na usuluhishi wa migogoro, na siku ya kufunga hujaza fomu inayouliza kama mkufunzi alieleweka na kama ukumbi ulifaa. Fomu hiyo ina kazi yake, lakini haiwezi kuonyesha kama mwenyekiti aliyerudi kijijini na cheti anaitisha mikutano kwa wakati. Donald Kirkpatrick, msomi wa Marekani aliyeanza kuchapisha makala kuhusu suala hili mwaka 1959, alitenga ngazi nne za kupima mafunzo: jinsi washiriki walivyoyapokea, walichojifunza, namna mwenendo wao kazini ulivyobadilika, na matokeo ya mabadiliko hayo. Ngazi mbili za mwisho, ambazo ndizo zenye uzito kwa wananchi, hazionekani ukumbini.

Kwa sababu hiyo inahitajika tathmini shirikishi, yaani utaratibu ambao watu wanaoguswa na mradi huamua pamoja kitu cha kupimwa, hukusanya taarifa, huzichambua na kukubaliana hatua za kuchukua, badala ya kuhojiwa na mtaalamu ambaye huondoka na majibu yao. Tanzania si ngeni katika fikra hii, kwani katika miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliendeleza utafiti shirikishi uliowahesabu wanakijiji kuwa watafiti wenza, na mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo ulifuata mwelekeo huo. Wahenga walikwisha kusema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kazi huanza kwa kuchagua viashiria, yaani dalili zinazoonyesha kwamba badiliko limetokea. Mtaalamu akiandika kwamba uwazi umeongezeka, wanakijiji hutaka jambo linaloshikika: je, taarifa ya mapato na matumizi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na je, imesomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma naye aielewe? Baada ya hapo wanawake, vijana na wazee hukaa katika makundi tofauti, huchora safu ardhini, safu moja kwa kila kiashiria, na kila mtu huweka kokoto kulingana na anavyoiona hali ya kabla ya mafunzo na ya baada yake. Endapo wanaume watarundika kokoto kwenye safu ya kusikilizwa mikutanoni huku safu hiyohiyo ya wanawake ikibaki karibu tupu, tofauti hiyo ndiyo mada ya mjadala, na sababu zitakazotajwa zina thamani kuliko jumla ya kokoto.

Njia nyingine, iliyobuniwa na Rick Davies nchini Bangladesh katika miaka ya 1990, huwataka wananchi wasimulie badiliko wanaloliona kuwa kubwa kuliko yote, kisha kikundi huchagua simulizi moja na kuandika sababu za kuichagua, hivyo kudhihirisha kile ambacho jamii yenyewe inakithamini katika uongozi.

Hata hivyo, ushiriki unaweza kugeuka kuwa jina tupu. Mwananchi hawezi kusema ukweli ikiwa kiongozi anayepimwa ameketi mbele yake, na mwezeshaji, yaani mtu anayeongoza majadiliano, anapaswa kuwa mtu asiyefungamana na upande wowote. Viongozi nao wapewe nafasi ya kujipima, maana pengine walijifunza vizuri lakini wakakwamishwa na ukosefu wa fedha au amri kutoka juu.

Hatimaye matokeo lazima yarudi kwa wenyewe. Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 iliweka mkutano mkuu wa kijiji, unaowajumuisha wakazi wote watu wazima, na hapo ndipo mahali halali pa kusoma matokeo hayo na kuamua mafunzo yajayo yahusu nini. Mfadhili anayetenga fedha za ukumbi na posho bila kutenga fedha na muda wa hatua hiyo ameacha sehemu muhimu ya kazi, kwa sababu wananchi wanaojadili hadharani mwenendo wa viongozi wao kwa vigezo walivyoviweka wenyewe nao wanajifunza uongozi.