Programu inakubali kwa fundi, inagoma kwa mteja: tatizo ni herufi moja

Kijana wa Kyela mjini anaweza kutengeneza programu ya kuhesabu magunia ya mpunga, na kwenye laptopu yake kila kitu kikaenda poa. Akiipeleka Matema kwa flashi, kompyuta ya mteja inalalamika kwamba haioni faili la VCRUNTIME140D.dll. Nauli imeenda, na mteja anaanza kuhisi kapigwa.

Mara nyingi ishu ni ile D ya mwisho.

D ni nini?

Programu za Windows zilizoandikwa kwa C++ hutegemea maktaba, yaani vipande vya kodi vilivyoandikwa tayari. Maktaba hizo huja kwa matoleo mawili.

Dibagi ni toleo la fundi. Lina ukaguzi wa ziada wa kunasa makosa, ndiyo maana ni zito.

Rilizi ni toleo la mteja. Ukaguzi huo umeondolewa ili programu ikimbie.

D ni alama ya dibagi. Faili zake huja na Visual Studio, ambayo fundi anayo na mteja hana.

Dawa yake

Usinakili faili hilo kutoka kwenye laptopu yako. Leseni ya Microsoft hairuhusu kusambaza maktaba za dibagi. Kulishusha kwenye tovuti usiyoijua ni kukaribisha virusi.

Chagua rilizi, tengeneza programu upya, kisha mwekee mteja Visual C++ Redistributable, kifurushi cha bure cha Microsoft.

Usichanganye

Programu ikiwa rilizi, maktaba zake za C++ nazo ziwe rilizi. Matoleo haya yanaweza kupanga data tofauti kwenye memori, na upande mmoja ukijaribu kufuta kilichotengwa na mwingine, programu inazimika ghafla.

Wakati wa kuunganisha, Visual Studio mara nyingi hukamata mchanganyiko huo kwa kosa LNK2038. Maktaba ikiwa ni DLL, kosa linaweza kupita kimya na kuibuka kazini.

Kwenye simu je?

App ya majaribio unayotumiwa WhatsApp kwa kawaida husainiwa kwa ufunguo wa dibagi. App rasmi husainiwa kwa ufunguo mwingine, na Google Play haipokei ule wa dibagi.

Kwa hiyo Android itakataa kuweka app rasmi juu ya ile ya majaribio. Lazima uifute kwanza, na data iliyohifadhiwa ndani yake tu inaondoka nayo. Kwa mkulima wa kakao aliyeandika humo kilo zote alizopeleka AMCOS, hayo ni maumivu.

Kumbuka

Mtumiaji: muulize fundi kama app ni ya majaribio, na nakili kumbukumbu zako kwingine kabla ya kuifuta.

Fundi: jaribu toleo la rilizi kwenye kompyuta isiyo na Visual Studio kabla hujapanda gari.