KABATI JIPYA LAFAA RANGI GANI?

Bonasi ya chai ikisha kulipwa, mafundi seremala wa Litein, Kapkatet, Bomet na Sotik hawakosi kazi. Huyu ataka kitanda, yule ataka meza, na mwingine ataka kabati la nguo lililojengwa ukutani, toka sakafuni mpaka dari. Hayo ni matumizi mema ya fedha. Lakini baada ya mwaka mmoja makabati mengine hayafungiki tena, rangi imebanduka, na nguo zanuka uvundo. Mwenye nyumba hulaumu duka kwamba limemwuzia rangi mbaya. Mara nyingi rangi haina kosa. Ilipakwa juu ya mbao mbichi, au ilikuwa rangi ya kazi nyingine.

Basi, mkulima, kabla ya kununua rangi jiulize maswali mawili. Je, mbao zimekauka? Na je, kitu hiki kitashikwa na kufutwa mara ngapi?

MBAO ZINYAUKE KAMA MAJANI

Wewe mkulima wa chai wajua kwamba kiwandani majani hunyaushwa kwanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya jani bichi ni maji. Mbao nazo ni vivyo hivyo. Saiprasi, mgrevilea au mkaratusi uliopasuliwa juzi bado umejaa maji. Ukiupaka rangi, maji yatatafuta njia ya kutoka na kuisukuma rangi mpaka ifanye malengelenge. Tena ubao ukikauka hupungua upana, maungio yakaachana, na mlango ukapinda. Hakuna rangi iwezayo kuzuia jambo hilo, hata iwe ya bei gani.

Mji wa Kericho hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, na hakuna mwezi usio na mvua kabisa. Kwa hiyo usikadirie kwa macho. Panga mbao chini ya paa, mahali penye upepo, zisiguse ardhi, na weka vijiti vyembamba baina ya safu ili hewa ipite. Kata kipande kidogo cha ubao huo, kipime kwa mizani ya duka, na uandike uzito wake. Kiweke pamoja na mbao zako, ukipime tena kila juma. Uzito ukiacha kupungua kwa majuma matatu, mbao zimekauka kadiri ya hewa ya mahali pako. Hapo mwite fundi.

NG'AO GANI KWA KAZI GANI

Rangi za mbao ziko za namna tatu: ya kung'aa sana iitwayo glosi, ya kung'aa kidogo, na isiyong'aa. Tofauti yake si uzuri tu. Rangi ing'aayo ina gundi nyingi kuliko unga wa rangi, kwa hiyo ngozi yake ni ngumu na laini, na uchafu hufutika kwa kitambaa chenye maji. Isiyong'aa ina unga mwingi, na uso wake una matundu madogo sana. Moshi na mafuta ya mikono huingia humo, na ukisugua, rangi yenyewe hutoka.

Kwa meza ya chakula, viti, na kabati la vyombo lililo karibu na jiko la kuni, chagua glosi. Kwa milango ya kabati la nguo, rangi ya kung'aa kidogo yafaa zaidi. Hufutika vizuri, wala haionyeshi kila kovu la randa kama ifanyavyo glosi. Isiyong'aa iache kwa dari na kuta za chumba cha kulala. Ikiwa mbao zako ni nzuri na wapenda kuziona, tumia vanishi ya ndani, lakini usiitumie kwa kiti kikaacho nje juani, maana itapasuka.

NDANI NA NYUMA YA KABATI

Watu wengi hupaka mlango kwa mafuta, wakapaka ndani kwa mafuta yale yale. Haifai. Rangi nyeupe ya mafuta ikikaa gizani hugeuka manjano, na harufu yake hukaa siku nyingi ndani ya kabati lililofungwa. Ndani tumia rangi ya maji iliyotengenezwa kwa mbao, si ile ya ukutani. Kisha acha milango wazi majuma mawili kabla ya kutia nguo, la sivyo zitagandamana na rangi.

Mgongo wa kabati nao upakwe kabla halijasimamishwa. Ubao uliopakwa upande mmoja tu hunywa unyevu kwa upande wa pili na kupinda. Tena usilisukume kabati likagusana na ukuta wa nje. Acha nafasi ya vidole viwili, na toboa matundu machache juu na chini ili hewa ipite. Hapo uvundo hautapata makao.

NAMNA YA KUPAKA

Kwanza piga msasa kwa kufuata nyuzi za ubao, kisha ufute vumbi lote. Pili, vifundo vya saiprasi hutoa utomvu, kwa hiyo vipake shelaki, ama sivyo vitaonekana baadaye kama madoa ya kahawia. Tatu, paka undakoti. Nne, paka tabaka mbili nyembamba za rangi yenyewe, na katikati yake pitisha msasa laini. Tabaka moja nene hukauka juu tu.

Anza asubuhi umande ukisha kukauka, na uache mapema, kwa maana mvua ya kwetu hupenda kuja alasiri. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mizuri zaidi.

Usinunue galoni bila kupiga hesabu. Lita 1 ya rangi huenea kama meta za mraba 10. Milango ya kimo cha meta 2.4 na upana wa meta 1.8 ina meta za mraba 4.3 kwa upande wa nje. Tabaka mbili ni meta 8.6. Basi lita 1 yatosha.

JIHADHARI NA RISASI

Zamani rangi nyingi zilitiwa madini ya risasi, hasa za manjano, nyekundu na nyeupe. Nyumba na samani za tangu mashamba ya makazi yalipoanza kugawanywa katika miaka ya 1960, au za masetla kabla ya hapo, huenda bado zina rangi hiyo. Vumbi lake likiingia kinywani mwa mtoto hudhuru ubongo, na dhara hilo haliponi. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Hivi sasa Kenya hairuhusu rangi izidi sehemu 90 za risasi katika sehemu 1,000,000.

Kwa hiyo usipige msasa mkavu juu ya rangi ya zamani, wala usiichome kwa moto. Lowesha uso kwa maji, tumia msasa wa maji, na uondoe watoto na kuku mahali hapo. Kusanya maganda yote, usiyatupe shambani. Ikiwa rangi ya zamani ingali imeshika imara, iache na upake mpya juu yake. Unaponunua mkebe, soma karatasi yake, na uchague ule ulioandikwa kwamba hauna risasi.

Kabati lililotengenezwa kwa mbao kavu na kupakwa pande zote laweza kuwafaa hata wajukuu wako. Mbao zikiwa bado mbichi, mwambie fundi angoje, na fedha zako ziweke.