Lushoto si ya watalii tu: Namna ya kupeleka watoto milimani na kuwarudisha salama

Tanga. Video ilikuwa fupi, haikufika hata dakika moja. Ilionyesha bonde la Lauterbrunnen huko Uswisi, nyumba za mbao kwenye majani mabichi, na maporomoko ya Staubbach yakishuka karibu mita 300 kutoka juu ya mwamba. Mtoto wa miaka 11 aliyekuwa ameazima simu ya mama yake aliirudia mara tatu, kisha akauliza kama nchi hii kuna mahali pa namna hiyo.

Mama alikuwa uani kwake Nguvumali, jijini Tanga, akikanda unga wa chapati za biashara. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba pako, tena ndani ya mkoa huu huu. Lushoto.

“Sasa mbona hatujawahi kwenda?”

Hapo mama akakosa jibu. Mtoto huyo ana selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita ugonjwa huo. Mara mbili shule ilipoandaa ziara, mama mwenyewe ndiye aliyekataa asiandikwe. Lushoto ni baridi, na kila mzazi wa mtoto mwenye selimundu anajua baridi inavyoweza kumwangusha mtoto kitandani akilia kwa maumivu ya mifupa.

“Nilikuwa namlinda. Sikujua kama namfungia,” anasema mama huyo wa watoto watatu, ambaye ameomba majina ya familia yasitajwe kwa ajili ya siri ya mtoto.

Safari hiyo waliifanya Desemba, wakalala milimani usiku mbili. Haikuwa nyepesi kote, lakini ina mengi ya kumfaa mzazi yeyote wa pwani anayetamani kuwaonyesha watoto milima ya Usambara, awe na mtoto mgonjwa au mzima.

Anza kliniki, usianze stendi

Mama alilipeleka swali hilo kliniki siku ya miadi ya kawaida, akitegemea kukatazwa. Badala yake alipewa orodha ya mambo ya kuzingatia.

Kwa mwenye selimundu, chembe nyekundu za damu zinaweza kubadilika umbo zikawa kama mundu, zikakakamaa na kuziba mishipa midogo. Baridi, upungufu wa maji mwilini, uchovu, maambukizi na uhaba wa hewa ya oksijeni ni miongoni mwa mambo yanayochochea hali hiyo. Mji wa Lushoto uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hatari ya hewa nyepesi huwa kubwa zaidi kwenye milima mirefu kuliko hapo, lakini kila mtoto ana historia yake. Aliyelazwa karibuni, mwenye damu pungufu sana au aliyewahi kupata kiharusi asisafirishwe mpaka daktari wake aseme.

Familia hiyo ilielekezwa kubeba kadi ya kliniki, kadi ya bima, dawa za kila siku za kutosha na siku za ziada, dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wa mtoto, pamoja na kipimajoto. Waliambiwa pia wajue hospitali iko wapi kabla ya kujua hoteli iko wapi. Lushoto mjini kuna hospitali ya wilaya.

Mtoto mwenye pumu naye asisahauliwe. Dawa yake ya kuvuta ikae kwenye mkoba wa mkononi, isifungwe ndani ya begi linaloingizwa buti ya basi.

Chagua msimu

Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kali Lushoto. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, utelezi huwa mwingi na udongo wa milimani huweza kuporomoka hadi barabarani. Ndiyo maana familia hiyo ilingoja likizo ya Desemba, kukiwa na joto kidogo na shule zimefungwa.

Fedha zilitoka kwenye kibubu. Baba, ambaye ni fundi seremala, alikipigilia misumari ili asipatikane wa kukifungua. Masweta, soksi na kofia za sufu vilinunuliwa kwenye mitumba ya Ngamiani, mahali ambapo kwa joto la Tanga nguo nzito hazigombewi.

Kilomita 33 za kona

Basi la alfajiri kutoka stendi ya Kange hupita Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo. Hadi hapo barabara ni tambarare na watoto hulala. Kutoka Mombo kuna kilomita zipatazo 33 za kona zinazokwea mlima hadi Lushoto, na kwa watoto wengi huko ndiko kichefuchefu kinakoanzia.

Kinga yake ni rahisi. Mtoto ale chakula chepesi kabla ya safari, asiwe na njaa wala asishibe kupita kiasi. Akae viti vya mbele, atazame mbali nje ya dirisha, na simu iwekwe kabisa. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, beba kopo lenye mfuniko na kitambaa chenye maji. Dawa ya kuzuia kutapika usimpe mtoto bila kumuuliza mfamasia au daktari.

Simu ikishawekwa, hadithi inapata nafasi. Baba aliwasimulia kisa cha Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu aliyepanda milima hii, akawaua nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, mwisho Wasambaa wakamfanya mfalme wao. Ukoo wake, Wakilindi, ulitawala kutoka Vuga, na Abdallah bin Hemedi aliiandika historia yao kwa Kiswahili katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Yule mdogo wa miaka minne alitaka kujua tu nguruwe walikuwa wangapi.

Njiani, kabla ya kufika, kuna Soni na maporomoko yake kando ya barabara. Si marefu kama ya kwenye video, lakini mtoto anayasikia na kuyaona kwa macho yake. Yatazameni kwa mbali. Mawe yana utelezi, na maji hayo ya baridi si ya kumwogesha mtoto wa pwani, sembuse mwenye selimundu.

Siku ya kwanza: msikimbie

Kosa la wageni wengi ni kutaka kuona kila kitu siku waliyofika. Mtoto ametoka usawa wa bahari asubuhi na mchana yuko zaidi ya kilomita moja juu. Apumzike, anywe maji, ale.

Shughuli nzuri ya mchana huo ni sokoni. Watoto wa Nguvumali wanajua embe, danzi na madafu. Lushoto watakuta plamsi, peasi, fyulisi na forosadi, pamoja na karoti na kabichi ambazo Tanga huzinunua zikiwa zimeshasafiri. Mtoto asiyegusa mboga nyumbani huenda akaila karoti aliyoichagua mwenyewe. Ioshwe kwanza kwa maji salama. Na mwombeni muuzaji awafundishe kusalimia kwa Kisambaa. Watoto hushika upesi, na bei nayo huenda ikalegea.

Mji wenyewe una historia ya kuwasimulia watoto. Wajerumani waliupa jina la Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Walipenda hali ya hewa iliyowakumbusha kwao, na reli waliyoanza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905.

Usiku una mitihani yake

Usiku wa kwanza, majira ya saa nane, mtoto aliamka akilalamika miguu. Alikuwa amevua soksi kwa sababu zilimwasha, na mchana alikataa maji akisema hasikii kiu. Hilo ndilo linalowadanganya wengi milimani: kwenye ubaridi kiu haisikiki, lakini mwili unaendelea kupoteza maji.

Mama alimpa maji ya uvuguvugu, dawa ya maumivu aliyoelekezwa na kliniki, akamvisha soksi na kumfunika. Kipimajoto hakikuonyesha homa. Baba alishavaa viatu tayari kwenda hospitali. Walikubaliana kwamba yasipopungua ndani ya saa moja, wataondoka. Yalipungua, na mtoto akalala hadi kumepambazuka.

Si kila mara mambo huisha hivyo. Mtoto mwenye selimundu akifikisha joto la nyuzi 38, akiumwa kifua au kupumua kwa shida, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea, asingojewe. Hospitali hapo hapo.

Jambo lingine linalohusu familia zote ni jiko la mkaa. Baridi ikizidi, wapo wanaoliingiza chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunuka, na huua watu usingizini. Ombeni blanketi la ziada na maji ya moto ya kuoga, lakini jiko libaki nje.

Chandarua nacho kitumike. Watafiti wa malaria waliofanya kazi Usambara kwa miaka mingi wameonyesha kwamba ugonjwa huo hupungua kadiri unavyopanda mlima, lakini kupungua si kuisha. Mtoto akipata homa baada ya safari, apimwe.

Magamba na Irente

Siku ya pili familia iligawanyika. Binti wa miaka minane alitaka msitu, hivyo akaenda na baba yake hifadhi ya Magamba, wakiwa na mwongozaji. Hifadhi hiyo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni kutoka nje. Waliona mbega weusi kwa weupe wakiruka matawini, na miti ya mkulo ambayo jina lake la kisayansi limebeba neno Usambara. Magamba iko juu zaidi ya mji na njia zake ni za kukwea, hivyo haikumfaa kaka yake.

Kaka alinuna. Mama hakumdanganya kwamba hakuna alichokosa. Alimwambia zamu yake ni alasiri.

Alasiri hiyo walikwenda wote Irente, umbali wa kilomita chache kutoka mjini. Wengi hutembea kwa miguu, na kwa mtoto mzima ni matembezi mazuri kati ya mashamba na nyumba. Wao walikodi gari, ili nguvu za mtoto zibaki za kutazamia. Karibu na hapo kuna shamba la Irente linalouza jibini, mkate na jamu. Chakula cha mchana kinaweza kuliwa hapo bustanini.

Kwenye jabali la Irente ardhi inakatika ghafla. Chini, karibu mita 1,000, kuna Mazinde na mashamba ya mkonge, na barabara kuu ambayo malori yake yanaonekana kama siafu. Mbele ni mbuga inayopotelea kwenye ukungu. Hapo mtoto ashikwe mkono muda wote, na picha ya simu ipigwe mbali na ukingo.

Mtoto alikaa mapajani mwa baba yake akiwa na kofia ya sufu. Alitazama kwa muda mrefu, akauliza bahari iko upande gani. Baba akamwonyesha kisogoni. Hakuuliza habari za Uswisi.

Kwa asiye na nafasi ya siku tatu

Kuna milima iliyo karibu zaidi. Kutoka Muheza, njia hupanda kwenda Amani, hifadhi ya mazingira iliyotangazwa rasmi mwaka 1997. Bustani yake ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ni chini kuliko Lushoto na baridi yake ni nafuu. Huko Usambara ndiko asili ya ua dogo la zambarau linalopambia madirisha ya nyumba nyingi Ulaya, ambalo wanasayansi wa Kijerumani walilipa jina la Saintpaulia miaka ya 1890. Mtoto wa Tanga anaweza kulitafuta msituni, alitazame bila kulichuma.

Walipofika Nguvumali, bibi, aliyekuwa ameipinga safari tangu mwanzo, alianza kwa kumshika mjukuu paji la uso. Akamgeuza, akamtazama macho, akamshika na miguu. Aliporidhika akauliza plamsi ziko wapi.

Kibubu kimepigiliwa misumari upya. Safari hii shule ikitangaza ziara, mama anasema, atakwenda mwenyewe kumwandikisha, akiwa na karatasi ya kliniki mkononi.