Barua Niliyoichapa Mimi

Alikuja kutoa kopi za vyeti. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha stendi ya Msamvu, abiria wamekimbilia barazani kwangu, na kijana huyu akajipenyeza hadi mezani na bahasha ya kaki kifuani. "Shikamoo mama. Naomba mbili mbili." Akatoa cheti cha VETA cha umeme, kitambulisho cha NIDA, kadi ya NSSF, na barua ya ukurasa mmoja.

Barua za wateja huwa sizisomi. Hii ilijisoma yenyewe. "Mimi niliyetajwa hapo juu nimeacha kazi kwa hairi yangu kutokana na sababu za kifamilia, na sina madai kwa mwajiri." Jina na tarehe vilikuwa vimejazwa kwa kalamu. Chini kulikuwa na sahihi na alama ya dole gumba.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hizo sababu za kifamilia ni zipi?"

Akacheka kidogo. "Hamna, mama. Tulipangwa foleni watu kumi na wanne. Tukaambiwa kazi imepungua, atakayesaini anachukua mshahara wake leo, asiyesaini asubiri."

Mkono wangu uliganda juu ya mashine. Si kwa sababu ya foleni, maana foleni nimeziona nyingi. Ni hilo neno "hairi". Mwaka 2014 nilikuwa karani wa utumishi katika kiwanda kimoja cha hapa Morogoro. Jioni moja bosi aliniambia nichape fomu ya watu "wanaoondoka wenyewe". Nilikuwa na haraka ya kuwahi daladala, "hiari" ikatoka "hairi", na hakuna aliyejali kuirekebisha. Kijana huyu hakufanya kazi kiwandani kwetu. Lakini karani huazima kwa karani, na fomu yangu imetembea viwanda kwa viwanda na kosa lake mgongoni.

Neno moja, milango miwili

Tulipoichapa, shabaha ilikuwa kiinua mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, inasema mwajiri akikuachisha kazi baada ya kumtumikia angalau miezi 12 mfululizo, anakulipa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Na aliyeondoka mwenyewe hakuachishwa na mtu, kwa hiyo naye hapati. Basi ukimfanya mtu aandike kwamba kaondoka mwenyewe, umefunga mlango wa kwanza.

Mlango wa pili hatukuujua, kwa sababu wakati huo haukuwepo. Miaka ile wafanyakazi walizoea fao la kujitoa: kazi ikiisha, unakwenda kwenye mfuko wako, unachukua michango yako, unaanza biashara au unamalizia nyumba. Uwe umefukuzwa au umeacha, ulikuwa unadai akiba yako tu. Ndiyo maana barua ya mwisho ilikuwa karatasi ya kutupa kabatini.

Mwaka 2018 mambo yakabadilika. Mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi, na likaingia fao la upotevu wa ajira. Jina lake lina sharti ndani yake: ajira iwe imekupotea. Ukiitupa mwenyewe, haikupotea. Kwa hiyo dirishani swali la kwanza ni namna ulivyoondoka, na jibu linasomwa kwenye barua. Karatasi ya kabatini ikawa ufunguo, na watu waliendelea kuisaini kama zamani.

Nilimkalisha kijana kwenye kigoda, tukapiga hesabu nyuma ya bahasha yake. Mshahara wake ulikuwa shilingi 300,000. Kazi aliifanya miaka minne kamili, na michango ilikuwa inaingia. Kwa mtu kama yeye, aliyechangia miezi 18 au zaidi, ambaye hajafika miaka 55 na hajapata ajira nyingine, fao ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Hiyo ni shilingi 99,900 kwa mwezi, jumla 599,400. Angekuwa hajafikisha miezi 18, angelipwa kwa mkupuo nusu ya michango yake.

Kiinua mgongo kilikuwa siku 28. Laki tatu ukizigawa kwa siku 26 za kazi katika mwezi, unapata kama 11,538 kwa siku; mara 28 ni zaidi ya 320,000. Ukijumlisha yote mawili inapita laki tisa. Hapo hatujagusa notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, wala likizo ambayo hakwenda.

Akaitazama bahasha muda mrefu. "Kwa hiyo nilisaini laki tisa ili nipewe laki tatu ambazo zilikuwa zangu?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia habari ya "hairi". Alikuwa na haki ya kuchukua vyeti vyake akaondoka. Hakuondoka. Aliuliza tu, "Sasa tunafanyaje?"

Siku ya kumi na tisa

Nilimuuliza kwanza ni siku ngapi zimepita tangu asaini. Akahesabu kwa vidole: kumi na tisa. Nikashusha pumzi. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Kwa madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Zikipita, unalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini umechelewa. "Sikujua" ni sababu dhaifu sana mezani pale.

Wengi hudhani huko ni mahakamani, panataka wakili na nauli ya kwenda Dar. Tume ina ofisi mikoani, na kufungua shauri hakuna ada. Unajaza Fomu Namba 1, unampelekea mwajiri nakala yake, unarudisha uthibitisho kwamba ameipata. Kwanza mnaitwa kwa usuluhishi: mezani mko wewe, mwakilishi wa mwajiri na msuluhishi. Mkishindwana ndipo shauri linakwenda kwenye uamuzi.

Fomu tulijaza pale pale. Kwenye maelezo nilimzuia asiandike matusi wala historia ya maisha yake. Tuliandika kilichotokea: tarehe, foleni, watu kumi na wanne waliosaini karatasi yenye sababu ileile ya kifamilia siku ileile. Familia kumi na nne haziwezi kupata tatizo moja asubuhi moja. Tukakumbusha pia kwamba mwajiri anayepunguza watu anatakiwa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu na kushauriana nao.

Kumi na wanne walikuwapo, ila waliofungua shauri walikuwa watatu. Siku ya usuluhishi, alivyonisimulia, mwakilishi wa kiwanda alikuja na fomu zao kwenye faili la bluu. Msuluhishi akazipanga tatu mezani, bega kwa bega, akazisoma kimya. Kisha akauliza hili neno "hairi" ni la lugha gani. Hakuna aliyecheka. Kabla ya saa saba walikuwa wamekubaliana: kiinua mgongo kilipwe, na itolewe barua mpya inayosema wamepunguzwa kazi.

Miezi sita si mshahara

Barua ilipotoka nilimtolea kopi nne. Akaenda NSSF nayo, pamoja na kadi, kitambulisho na taarifa za akaunti ya benki. Nilimwambia aombe papo hapo taarifa ya michango yake na kuikagua mwezi kwa mwezi, kwa sababu kuna waajiri wanaokata kwenye mshahara na hawapeleki. Kugundua hilo ukiwa bado kazini ni nafuu kuliko kuligundua dirishani.

Laki moja kasoro kwa mwezi haiwezi kulisha nyumba. Inachoweza ni kukupa nafasi ya kuchagua, usilazimike kuparamia kibarua cha kwanza kwa sababu mtoto analia. Yeye na wenzake wanne waliunda kikundi cha kufunga nyaya kwenye nyumba mpya za Kihonda. Kikundi kama hicho kinaweza kuomba mtaji: kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa, ikarudi 2024, na tangu hapo kikundi huchunguzwa kweli kweli. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba ya kikundi, akaunti ya benki na wazo linaloeleweka. Mwenye ulemavu anaweza kukopa hata akiwa peke yake.

Mmoja wao ni fundi hodari ambaye hajawahi kukaa darasa la ufundi. Amejifunzia juu ya ngazi, kwa mjomba wake. Huyo nilimwelekeza VETA akaulizie urasimishaji ujuzi: mtu aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo, mapengo yake yanazibwa, anapewa cheti. Kwa fundi umeme cheti ndicho kinachompa ujasiri wa kuomba zabuni ya shule badala ya kuitwa kubadilisha soketi.

Zile familia nyingine kumi na moja nilikuwa nimempa kazi azitafute mapema, siku 30 zikiwa bado hazijaisha. Alipiga simu jioni moja akiwa kwenye kigoda kilekile, spika ikiwa wazi. Wanne hawakupatikana. Mmoja alikuwa Ifakara kwenye mpunga, akasema atakuja wiki ijayo, na wiki ijayo siku 30 zilikuwa zimekwisha. Wengine walisema wameshasahau, wana bodaboda, Mungu ni mwema. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa idara ya kufungasha, mwenye miaka tisa kazini. Alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, halafu akajibu taratibu, kama anayemwonea huruma aliyempigia.

"Lakini baba, nilisaini kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa nikadai nini?"