Uchu Hujaa, Kisha Hupwa

Tukimwona kijana aliyeacha unga akarudia, twasema upesi: "Huyu hana haya, hakutaka kuacha." Maneno hayo ni mepesi ulimini, na aghalabu si kweli.

Yapo mambo mawili tusiyoyatenganisha. La kwanza ni arosto: mwili kuuma, kamasi, kuhara, kukosa usingizi. Heroini ikikatwa, hayo huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua baada ya juma moja hivi. La pili ni uchu, na huu hauhesabu siku. Mtu aweza kukaa mwaka mzima salama, akapita kichochoro alimokuwa akivutia, au akashika fedha mkononi, mara moyo ukamruka. Ubongo umezoea kwamba hizo ndizo dalili za starehe, na mazoea hayo hayafutiki kwa kiapo. Ndipo wahenga wakanena: mazoea yana taabu.

Walakini uchu una tabia ambayo mvuvi yeyote aijua: maji yakijaa hupwa. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliufananisha na wimbi: hupanda, hufika kileleni, hushuka. Usipolishwa, aghalabu haumalizi nusu saa. Kwa hiyo kijana asiambiwe "usitamani", kwani kutamani si hiari yake, aambiwe "ngoja". Aondoke mahali pale, amtafute mtu amwambie wazi: nina uchu. Kisha ajichunguze: ana njaa? Ana hasira? Yu mpweke? Amechoka? Hizo ndizo pepo ziyasukumazo maji.

Wengine bahari yao ni kali mno, nao wana dawa. Methadoni, iliyoanza kutolewa Malindi mwaka 2015, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, ikatuliza arosto na uchu pia. Si kubadilisha ulevi kwa ulevi, kama isemwavyo barazani. Ni kumpa mtu nanga.

Na jamaa wajue hatari hii: aliyeacha kwa majuma kadhaa, mwili wake hauwezi tena kiasi cha zamani. Akirudia kipimo kile kile, pumzi zaweza kukatika. Basi asemaye "nina uchu" asifukuzwe nyumbani. Mketisheni mkekani, mpeni chai, mkae naye mpaka maji yapwe.