Kioo cha Oda Hakina Mteja wa Pili

Leo nawaletea kosa lililokula kodi yangu ya duka, ili wewe usilirudie.

Mimi natengeneza vioo vya rangi vya madirishani na juu ya milango, vile ambavyo wengi mmezoea kuviona makanisani. Sikusomea popote. Nilimaliza form four, nikajifunza kwa video za mtandaoni, nikaharibu kioo kingi mpaka mkono ukazoea. Kazi iko hivi: unachora mchoro wa saizi kamili, unakata kila kipande kufuata mchoro, unasaga kingo, unazungushia utepe wa shaba wenye gundi, halafu unaviunganisha kwa solda. Solda ya kawaida ina risasi, kwa hiyo fungua madirisha, usile kwenye meza ya kazi, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

Mwaka jana mama mmoja aliona kazi zangu mtandaoni akaniandikia: "Mwanangu, nataka cha juu ya mlango wa sebuleni, maua mekundu na majani." Akanitumia vipimo WhatsApp, upana sentimita 90, kimo 40. Tukapatana 320,000, akatuma 50,000 ya kuanzia. Kwa furaha ya oda kubwa, sikuuliza zaidi.

Vipande 62. Siku tisa. Vifaa vilinigharimu 140,000, na sehemu kubwa niliichota kwenye hela ya kodi. Siku ya kufunga, kioo kikagoma kuingia. Nikatoa futi nikapima. Nafasi ilikuwa 88 na nusu.

Mama akaniangalia. "Mwanangu, mimi nilikupa namba alizonipa fundi."

Hakuwa na kosa. Fundi alipima kabla ukuta haujapigwa plasta. Aliyetakiwa kupima tena ni mimi.

Mbao ikizidi unaipiga randa, nguo ikizidi unaikunja pindo. Kioo hiki ningeweza kuyeyusha solda ya pembeni nikate upya vipande vya ukingoni, lakini maua niliyachora mpaka mwisho, ningekata ua katikati. Nikamrudishia mama 50,000 yake kwa simu, nikapanda bajaji nimekumbatia kioo changu. Mwenye nyumba nilimwomba nilipe kidogo kidogo, ikachukua miezi miwili.

Nikakipost kukiuza. Likes kibao, mnunuzi hakuna. Kila aliyekipenda, mlango wake una saizi nyingine. Hapo ndipo niliposhika somo: kitu cha oda kikikataliwa, hakina mteja wa pili. Ni sawa na keki iliyoandikwa jina la mtu au sare yenye nembo ya shule. Tangu siku hiyo nafanya hivi:

1. Napima mwenyewe, ukuta ukiwa umeisha. Upana napima juu, katikati na chini. Kimo napima kushoto, katikati na kulia. Nachukua namba ndogo kuliko zote, halafu napunguza milimita 3 kila upande ili kioo kiingie bila kulazimishwa. Mteja akiwa mkoani, namwomba akate boksi linaloingia sawasawa kwenye nafasi yake, anitumie hilo boksi kwa basi.

2. Naacha ukingo. Kuzunguka picha yote naweka vipande vyembamba vya kioo cha kawaida. Vipimo vikikosea kidogo, nabadilisha ukingo tu, ua linabaki salama.

3. Mteja anakubali mchoro kwa maandishi. Namtumia mchoro wenye rangi na vipimo, anajibu "nimekubali" ndipo nakata. Akibadilisha baada ya hapo, analipia.

4. Bei nahesabu kwa vipande. Vioo viwili vya saizi moja, kimoja kikiwa na vipande 20 na kingine 80, si kazi moja. Chukua kile cha mama: vifaa 140,000, vipande 62 kwa 3,500 ya ufundi ni 217,000, usafiri 15,000. Jumla 372,000. Kumbe hata kama kingeingia, 320,000 ilikuwa inaniumiza! Na kwenye vifaa usisahau kioo kitakachovunjika. Mimi naongeza robo.

5. Advansi ni asilimia 60. Kwa kazi ile ingekuwa kama 223,000, yaani vifaa vyote na sehemu ya jasho langu. Naeleza mapema kwamba nikishaanza kukata hairudi, ila kosa likiwa langu narekebisha kwa gharama yangu. Kuna wanaoondoka wakisikia hivyo. Waache waende, oda ya 50,000 ilinitoa 140,000.

6. Picha napiga mwanga ukiwa nyuma ya kioo. Ukipiga kikiwa mezani kinaonekana cheusi. Kiegemeze dirishani asubuhi, rangi zijiuze zenyewe.

Kioo cha mama bado ninacho. Nimekitundika dirishani dukani. Mteja akiniambia "Dada, si nimeshakutumia vipimo?" namwonyesha kile, namsimulia, halafu tunapanga siku ya kwenda kupima.

Wewe unayefanya kazi za oda, unachukua advansi kiasi gani? Tuambizane hapo chini, na mtumie mwenzako anayeanza.